Filamu Nzuri Zilizopita Kimya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi na watu wanaojua kwamba nikianza kusimulia filamu ninayoipenda sinyamazi upesi. Nimeyaweka pamoja ili anayetafuta kitu kipya cha kutazama apate pa kuanzia.

Filamu "iliyonyimwa haki yake" ni ipi hasa?

Si kila filamu isiyojulikana. Nyingine zilitazamwa na wachache kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa hafifu, na hakuna dhuluma hapo. Ninayoizungumzia ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, inayomgusa karibu kila anayekaa kuitazama mpaka mwisho, ila waliokaa kuitazama ni wachache mno. Kipimo changu ni kimoja: nikiuliza kwa nini haikuvuma, jibu liwe nje ya filamu yenyewe.

Hali hii hubadilika pia. The Shawshank Redemption ilipotoka mwaka 1994 haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema Marekani, na kwenye tuzo za Oscar iliteuliwa mara 7 ikatoka mikono mitupu. Kanda za kukodi na televisheni ndizo zilizoiokoa. Leo haihitaji mtetezi, kwa hiyo humu sitaipendekeza kwa mtu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kama filamu ni nzuri, mbona haikuvuma?

Methali hiyo ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi anaiona bidhaa, anaishika na kuigeuza kabla ya kutoa fedha. Filamu huwezi kuigeuza mkononi. Unaijua kwa jina lake, kwa tangazo, na kwa maneno ya aliyekutangulia kuiona. Kati ya mwongozaji aliyemaliza kazi yake na jicho la mtazamaji pana safari ndefu, na filamu nyingi nzuri hukwama safarini.

Wakati ndio mtego wa kwanza. William Friedkin alitoa Sorcerer mwezi Juni 1977. Ni hadithi ya wanaume wanne waliokimbia makosa yao wakajificha Amerika ya Kusini, kisha wakakubali kuendesha malori yenye baruti chakavu inayoweza kulipuka kwa mtikisiko mdogo tu. Mwezi mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Star Wars, na watu hawakutaka kingine. Jumba moja mashuhuri la Hollywood liliiondoa Star Wars ili kuipisha Sorcerer, na haukupita muda Star Wars ikarudishwa. Jina nalo likaiumiza. Friedkin ndiye aliyeongoza The Exorcist, filamu ya kutisha ya mashetani, na neno sorcerer kwa Kiingereza maana yake ni mchawi, basi walioingia walitarajia mashetani wakakuta malori na matope. Kumbe Sorcerer ni jina lililoandikwa kwenye lori moja.

Mtego wa pili ni mwenye mali kutoitangaza mali yake. The Iron Giant ya Brad Bird, mwaka 1999, iliingia sokoni kwa matangazo haba kiasi kwamba familia nyingi hazikujua kuwa ipo. Ilishindwa kurudisha gharama zake. Bird huyohuyo baadaye alitengeneza The Incredibles, iliyopata umaarufu mkubwa duniani.

Mtego wa tatu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu watazamaji hawakupewa hata nafasi ya kuikataa kazi. Charles Burnett alipiga picha Killer of Sheep siku za mwisho wa wiki katika mtaa wa Watts, Los Angeles, ikiwa kazi yake ya kuhitimu chuo kikuu cha UCLA. Alitumia chini ya dola 10,000. Ndani yake aliweka nyimbo alizozipenda, nyimbo za watu kama Dinah Washington na Paul Robeson, bila kununua haki za kuzitumia, maana hakuitengeneza kwa ajili ya biashara. Mwaka 1990 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani, lakini bado haikuweza kuuzwa wala kuonyeshwa kibiashara. Haki za muziki huo zilikuja kulipiwa kwa takribani dola 150,000, na filamu ikaingia majumba ya sinema mwaka 2007. Miaka thelathini tangu ikamilike! Mtoto anayeonekana humo akiruka kutoka paa hadi paa alikuwa mtu mzima siku ambayo dunia ilimwona.

Nina jioni moja tu. Nianze na ipi?

Make Way for Tomorrow, ya Leo McCarey, mwaka 1937. Dakika kama 90 tu.

Bark na Lucy ni mke na mume wazee. Benki inachukua nyumba yao. Watoto wanao watano, na hakuna hata mmoja aliye tayari kuwapokea wote wawili. Basi wanatenganishwa: baba anaenda kwa binti, mama anaenda kwa mwana, "kwa muda tu". Hakuna mtu katili katika filamu hii, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Mwana ana sababu zake, mkwe ana sababu zake, mjukuu naye anazo zake. Hata mama mkwe anakera kweli, anaingilia mazungumzo na kukaa pale asipotakiwa. Unajikuta unamwelewa kila mmoja, huku jambo baya likiendelea kutendeka mbele yako.

Liko tukio ambalo peke yake linatosha kuifanya ikumbukwe. Mkwe ana wageni sebuleni wanaojifunza kucheza karata. Simu inalia, ni mzee Bark anampigia mkewe. Lucy anaongea kwa sauti ya juu kama wazee wengi wanavyoongea na simu. Mwanzo wageni wanaona usumbufu. Kisha anamuuliza mumewe kama anajikinga na baridi, anamwambia asijali, kwamba anamkumbuka. Kamera haimkaribii sana. Wageni mmoja mmoja wanaacha karata zao, na chumba kizima kinanyamaza.

Studio ilimtaka McCarey abadilishe mwisho uwe wa furaha, akakataa. Filamu haikuleta fedha. Mwaka huohuo alitoa filamu nyingine, ya kuchekesha, The Awful Truth, iliyompa Oscar ya mwongozaji bora, na alipoipokea alisema wamempa kwa filamu siyo. Mwongozaji Orson Welles alisema kuhusu Make Way for Tomorrow kwamba ingeliliza hata jiwe. Hadithi yake ndiyo iliyompa mwandishi Kogo Noda wazo lililozaa Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, mwaka 1953, ambayo wahakiki huiweka miongoni mwa filamu bora za karne. Watu wengi wanamjua mtoto, mzazi hawamjui.

Mimi ni mtu wa picha za stelingi, hatari na kukimbizana. Kuna changu humu?

Kipo. Rudi kwenye Sorcerer ukaone lori likivuka daraja la kamba na mbao zilizooza, mvua ikimwagika, mto umefura chini yake. Hakuna kompyuta pale. Lori ni lori na daraja ni daraja. Walilijenga kwanza Jamhuri ya Dominika, mto ukakauka, wakalazimika kuhamia Mexico. Ni dakika kama kumi na mbili ambazo hutakumbuka kuvuta pumzi. Na nikuonye tu: humu stelingi hana kinga ya jina lake.

Ukitaka hofu ya namna nyingine, tafuta The Night of the Hunter ya 1955. Mhubiri wa uongo, aliyeandikwa chale LOVE kwenye vidole vya mkono mmoja na HATE kwenye mwingine, anawawinda watoto wawili kwa sababu ya dola 10,000 zilizofichwa ndani ya mwanasesere. Watoto wanatoroka kwa mashua usiku, na kando ya mto kamera inatuonyesha buibui, chura na sungura wakiwa wakubwa kuliko watoto wenyewe, kana kwamba wanyama ndio walinzi wao. Robert Mitchum, anayemwigiza mhubiri huyo, anaimba wimbo wa dini kwa mbali akiwa juu ya farasi, na sauti nzuri kama ile sijawahi kuiogopa hivyo.

Kwa nini baadhi ya waongozaji hawa wana filamu moja tu?

Kwa sababu kushindwa sokoni hakuui filamu peke yake. Charles Laughton, aliyeongoza The Night of the Hunter, alikuwa mwigizaji mkubwa. Hii ndiyo filamu pekee aliyotajwa kuwa mwongozaji wake. Wahakiki na watazamaji waliipokea kwa ubaridi, hakuongoza tena, akafariki mwaka 1962. Kila ninapoitazama najiuliza ya pili ingekuwaje.

Barbara Loden ni kisa kingine. Aliandika, akaongoza na akaigiza mwenyewe katika Wanda, mwaka 1970, akiwa na wapiga picha na wasaidizi wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wanda ni mwanamke wa eneo la machimbo ya makaa ya mawe Pennsylvania, aliyeachika, asiye na kazi, anayejikuta akiandamana na mwizi. Mwanzoni anaonekana kwa mbali, nukta nyeupe ikitembea katikati ya vilima vyeusi vya makaa, na kamera inamfuata kwa muda mrefu bila kuharakisha. Wapo wanaochoka hapo. Nakuomba usichoke, kwa sababu mwendo ule ndio maisha yake: hakuna anayemsubiri aendako. Filamu ilituzwa Venice, lakini kwao Marekani iliingia katika kumbi chache sana. Loden alifariki kwa saratani mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 48, bila kupata nafasi ya kuongoza filamu ndefu nyingine. Miaka mingi baadaye mwigizaji Isabelle Huppert alisaidia kuirudisha kwenye majumba ya sinema Ufaransa.

Je, Afrika ina filamu za namna hii?

Nyingi, na kwa bara hili tatizo la njia ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi filamu iliyotengenezwa nchi moja ya Afrika ilionekana kwa urahisi zaidi kwenye tamasha la Ulaya kuliko kwa jirani wa mpakani.

Anza na Yaaba ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, mwaka 1989. Jina maana yake ni bibi kwa lugha ya Kimoore. Mvulana Bila anamzoea bikizee ambaye kijiji kizima kimemtenga kikimwita mchawi. Ni filamu nyepesi kuifuata, yenye vicheko, na ukitoka ndani yake utamwangalia kwa jicho jingine kila mzee anayeishi peke yake.

Kisha uende kwa Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Touki Bouki, ya 1973, inamfuata kijana Mory, mwenye pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake, pamoja na mpenzi wake Anta, wakitafuta nauli ya kwenda Paris kwa njia halali na zisizo halali. Haisimulii kwa mstari ulionyooka. Inakata, inarukia, inarudia wimbo mmoja wa Josephine Baker mpaka Paris yenyewe inageuka ndoto ya homa. Huenda picha ya pikipiki ile umeshaiona bila kujua ilikotoka, maana mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z waliiga taswira yake kwenye tangazo la ziara yao. Mambéty aliongoza filamu ndefu mbili tu. Ya pili ni Hyènes, mwaka 1992.

Med Hondo wa Mauritania alitengeneza Sarraounia mwaka 1986, kuhusu malkia wa Waazna, katika Niger ya leo, aliyekabiliana na msafara wa kijeshi wa Wafaransa mwaka 1899. Ilishinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika, mwaka 1987. Ina uwanja mpana, farasi, vumbi na majeshi, kama filamu yoyote kubwa ya vita unayoijua, ila mara hii tumesimama upande wa pili wa bunduki. Hondo alijipatia riziki kwa kuingiza sauti ya Kifaransa katika filamu za wengine. Kwa Wafaransa wengi, sauti ya Eddie Murphy ni sauti yake. Mamilioni walimsikia, wachache wakaziona kazi zake.

Na Moolaadé, ya 2004, ni filamu ya mwisho ya Ousmane Sembène. Mwanamke anafunga kamba ya rangi mlangoni mwake kuwalinda wasichana waliokimbia kukeketwa, na kamba ile nyembamba inasimama kama ukuta kwa sababu kijiji chote kinaiheshimu. Wanaume wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Sembène alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80, na filamu ina moto wa kijana.

Na kwa Kiswahili?

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa harakati za kudai uhuru. Aliyesoma riwaya atakuta mengi yameachwa. Asubiri kidogo, filamu ina mambo yake ya kusema kwa mwanga na kwa kimya. Pia Supa Modo ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, yenye Kiswahili na lugha nyingine: mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu yake.

Ipi inafaa kutazama na watoto?

The Iron Giant bila kusita. Mvulana anamkuta jitu la chuma linalokula vyuma, lililoanguka kutoka angani, mwaka 1957, wakati watu wazima wameingiwa na woga wa mabomu. Jitu lile limeundwa kuwa silaha na halitaki kuwa silaha. Watoto wataipenda kwa jitu. Wewe utaipenda kwa sababu nyingine, na uwe na kitambaa karibu. Yaaba pia huwafaa walioanza kusoma manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Supa Modo inazungumzia kifo cha mtoto, kwa hiyo itazame kwanza peke yako.

Filamu za rangi nyeusi na nyeupe hunichosha. Nifanyeje?

Zima taa na uweke simu mbali. Nasema hivyo kwa dhati kabisa. Picha zisizo na rangi zinategemea kivuli, na kivuli hakionekani chumba kikiwa na mwanga wala kioo kikiwa kidogo. Jipe dakika 15. Jicho likishazoea, huacha kuitafuta rangi.

Manukuu au sauti iliyotafsiriwa?

Manukuu. Sauti ya mwigizaji ni nusu ya uigizaji wake.

Filamu iliyoshindwa hufufukaje?

Mara nyingine kwa kosa la makaratasi. It's a Wonderful Life, ya 1946, haikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1974 wenye haki hawakuomba kuongezewa muda wa ulinzi, vituo vya televisheni Marekani vikaanza kuionyesha kila Krismasi kwa sababu haikuwagharimu chochote, na watu wakaipenda kwa kuizoea. Filamu ni ileile. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia.

Mara nyingine kwa bahati tupu. Nakala halisi ya The Passion of Joan of Arc ya Carl Theodor Dreyer, ya 1928, iliaminika kuteketea kwa moto, mpaka mwaka 1981 ilipopatikana katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norway. Bahati kama hiyo haitoshi. Utafiti uliotolewa na Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, mwaka 2013 ulionyesha kwamba takribani asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za Marekani zimepotea kabisa.

Na mara nyingine kwa watu wasiochoka. The Fall ya Tarsem Singh ilipigwa picha katika nchi zaidi ya 20, sehemu kubwa kwa fedha za mwongozaji mwenyewe, na kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kuipata kwa njia halali. Walioiona waliendelea kuitaja na kuiulizia, hadi nakala iliyosafishwa upya ilipotolewa mwaka 2024.

Je, nifuate alama za wahakiki?

Zifuate kama dalili, si kama hukumu. The Thing ya John Carpenter ilipotoka mwaka 1982 wahakiki wengi waliiponda. Leo inafundishwa kama mfano wa filamu bora ya kutisha. Mimi humtafuta mhakiki mmoja ambaye ladha yake naijua, hata kama hatukubaliani, na namsoma huyo.

Nitazipata wapi kihalali, na nakala ipi?

Maktaba, tovuti za kulipia zinazojali filamu za zamani, matamasha, na diski zinazotolewa na kampuni za uhifadhi. Filamu nyingi za kimya muda wa hakimiliki yake umeshaisha, ingawa sheria hutofautiana nchi na nchi. Kabla ya kubonyeza, tazama urefu. Sorcerer kamili ina dakika kama 121. Iliyosambazwa nje ya Marekani ilikatwa vibaya bila ridhaa ya Friedkin, na ukikutana na hiyo utadhani waliosifu walikosea. Ukiona maneno kwamba imesafishwa kutoka kwenye kanda halisi, chagua hiyo hata kama ni ghali kidogo.

Nimeitazama uliyoisifu na haikunigusa. Nina kasoro?

Huna. Touki Bouki mimi mwenyewe haikuniingia mara ya kwanza. Iweke kando.

Nimwonyesheje mtu mwingine bila kumchosha?

Usimwambie ni filamu bora aliyopata kuiona. Utakuwa umempa kazi ya kukupinga. Usimsimulie. Mwambie ina dakika ngapi, inahusu nani, na kwamba utakaa naye. Chagua inayomfaa yeye, siyo inayokuonyesha wewe kuwa mjuzi: mpenda malori mpe malori. Ukiwa unaijua kwa moyo, usimwangalie usoni kila tukio zuri linapokaribia, maana atahisi anapimwa. Ikiisha, usimuulize papo hapo ameionaje. Mimi nilifanya makosa yote haya kabla sijajifunza.

Make Way for Tomorrow nilimwonyesha dada yangu mkubwa, mtu asiyependa kabisa filamu za zamani. Aliinuka bila neno akaenda kulala. Siku ya tatu alinipigia simu kuuliza yule mama wa kwenye simu aliitwa nani. Nikamwambia, aliitwa Lucy.